Mwinjilisti Aliyeifunga Nyumba Yetu

Sikumpenda Mwinjilisti. Nasema mapema ili anayetafuta sifa zake asipoteze muda hapa. Aende kanisani kwetu Nambis, amuulize mtu yeyote mwenye mvi, atazipata mpaka achoke. Mimi nilimjua tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili mpaka nilipokuwa mwalimu mwenye darasa langu, na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata siku moja niliyomwona akija nikafurahi.

Alikuwa mrefu, amekonda, mwenye koti moja la rangi ya udongo lililotiwa viraka viwikoni kwa kitambaa cha suruali ya mtu mwingine. Alilivaa masika na kiangazi, akihubiri na akipalilia. Nambis kuna baridi, na koti si dhambi, lakini yeye alifunga vifungo vyote mpaka shingoni hata jua likiwa kali, na sisi watoto tuliamini kwamba ndani ya koti lile hakuna mwili, kuna karatasi za mahubiri tu. Baiskeli alikuwa nayo, ila mara nyingi aliisukuma. Njia zetu ni za kupanda na kushuka, hilo ni kweli. Lakini pia mtu anayesukuma baiskeli hupita polepole, na anayepita polepole huona kila kilichomo kwenye ua wa mwenzake.

Mchungaji wetu alikaa usharikani, mbali, akiwa na mitaa mingi ya kuhudumia, na kwetu alifika mara moja kwa mwezi kubatiza na kutoa chakula cha Bwana. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mkononi mwa Mwinjilisti. Ndiye aliyehubiri, aliyezika, aliyefundisha kipaimara, aliyepatanisha waliogombea mpaka wa shamba. Na ndiye aliyesikia sauti ya Mungu kwa niaba yetu sote. Hakusema sisi hatuwezi kuisikia. Alisema tu kwamba yeye anaisikia, na sisi tukaona ni adabu kumwachia.

Hakupiga kelele kama manabii wa mjini wenye vipaza sauti. Alikuwa anahubiri vizuri tu, habari za mpanzi au za kondoo, halafu anakatisha sentensi katikati, anavua miwani, anatazama sakafu. Kanisa zima linanyamaza mpaka unasikia ng'ombe wa jirani wakitafuna. Kisha anasema kwa sauti ya chini, "Bwana amenigusa." Baada ya hapo lilikuja neno, na neno lenyewe siku zote lilikuwa fupi, na baya.

Bwana alimgusa kwamba kijana Emanueli asiende Arusha. Emanueli alikuwa ameahidiwa kazi ya utingo, na baadaye udereva. Hakwenda. Mpaka leo yuko nyumbani analima vitunguu saumu, na magari yakija kupakia mazao yeye huacha kazi yake akaja kufuta kioo cha mbele kwa mkono, bila kuombwa na mtu. Bwana alimgusa kwamba kwaya ya vijana isitumie kinanda walichopewa na wageni. Kinanda kikawekwa stoo, panya wakala nyaya. Bwana alimgusa kwamba mvua itachelewa sana mwaka ule kwa sababu kuna wanawake wanaopika pombe Jumamosi. Mvua ikanyesha Jumatatu, ikasomba maharage. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikasema moyoni, leo amepatikana. Jumapili akavua miwani, akasema Bwana amewahurumia. Watu wakaitikia amina, na wengine wakafuta machozi. Siku hiyo nilijifunza kwamba mtu wa namna hii hapatikani kamwe.

Zahanati yetu ilikuwa na tabibu Mwislamu kutoka Tanga, mtu wa utani, ambaye sote tulimwita Daktari. Alizoea kupita kwetu jioni kunywa maziwa ya mgando. Siku moja alimuuliza mama yangu, "Mama, huyu mzee wenu namheshimu. Lakini nauliza tu. Hivi Mungu hajawahi kumwambia habari njema hata moja? Hata kwamba mahindi ya mwaka huu yatakubali?"

Mama alicheka akiwa ameziba mdomo, kisha akajirudi. "Mzazi anayekupenda ndiye anayekukemea, Daktari."

"Kweli, Mama. Ila na ugali anakupa."

Mama alimwongezea maziwa. Mimi lile swali lilinikaa kwa muda mrefu, maana nilikuwa nimekaa kanisani miaka yote nikisikia Mungu akikataza, akizuia, akionya, na sikuwa nimewahi kujiuliza kama ana neno lingine.

Niseme sasa yale ambayo wanaomsifu husema, nisije nikaonekana ninamwonea.

Kuna mzee mmoja wa bonde la chini alianguka kutoka juu ya paa akavunjika nyonga. Ilikuwa masika, hakuna gari wala pikipiki iliyoweza kupanda. Mwinjilisti alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akiteleza na kuinuka, na alipofika alikuwa hawezi kunyoosha mgongo wake mwenyewe. Kuna mjane aliyekuwa akiamka na kukuta matuta yake ya viazi vitamu yameshalimwa. Alidhani ni malaika mpaka alipotambua alama za kandambili za matairi zilizokatwa kisigino, na kandambili za namna ile zilikuwa za mtu mmoja tu. Mke wa Mwinjilisti alikuja kumlalamikia mama kwamba mumewe ametoa mahindi ya mbegu kwa watu wenye njaa, na wao watapanda nini. Na mimi mwenyewe alinifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Alinikalisha kwenye benchi la nyuma na kitabu cha nyimbo, akaushika mkono wangu, akaupitisha juu ya herufi moja moja. Kidole chake kilikuwa kikavu na kigumu, na hakikuchoka.

Mambo haya yote hakuwahi kusema ameguswa na Bwana ayafanye. Ukimshukuru alikunja uso, akasema aliona vibaya tu, basi, na akasukuma baiskeli yake.

Ningependa angekuwa mwizi. Hao wanaouza mafuta na maji ya upako, siku yao hufika, watu hufumbuka macho. Huyu ungemkamata kwa lipi? Alikula vibaya kuliko sisi. Alilia kwenye misiba ya watu asiowajua. Alipoomba kwenye maziko aliacha Kiswahili akaomba kwa Kiiraqw, kwa mtindo wa wazee, yeye akisema mstari mmoja na watu wakiitikia kwa mguno mzito, tena na tena, mpaka kilima kizima kinakuwa kama mtu mmoja anayepumua. Nilisimama pale nikasisimkwa mwili na huku namchukia. Hilo nalikubali kwa shingo upande.

Na sura ya upendo, ile inayosomwa harusini, aliijua yote kwa moyo. Aliisema akiwa amefumba macho, na mabibi harusi wote wa Nambis walilia kwa ajili yake. Darasa la kipaimara tulitakiwa kuikariri bila kukosa neno. Mimi nilikwama mahali panaposema upendo huvumilia, nikapigwa rula kwenye vifundo vya vidole.

Sasa nyumba yetu.

Wazee wetu Wairaqw walikuwa na desturi inayoitwa metimani. Nyumba ikipatwa na vifo vya aina fulani, au binti akipata mimba kabla hajaolewa, nyumba ile ilitengwa. Hakuna kuingia, hakuna kula pamoja, hakuna kuchukuliana moto wala maji, na wenye nyumba walikuwa na njia yao ya kwenda kisimani. Iliogopwa sana, kwa sababu waliamini kwamba balaa huambukiza. Lakini ilikuwa na mwisho. Wazee walihesabu miezi, siku ikafika, wakaja wakaifungua nyumba na watu wakanywa pamoja. Kanisa lilipoingia liliikataza, na babu zetu waliapa kuiacha. Wakati wangu hakuna Mkristo wa Nambis aliyekubali kwamba anaifuata. Ungemtukana ukimwambia hivyo.

Nilikuwa chuo cha ualimu. Baba alikuwa ameshafariki. Dada yangu Paulina, aliyenifuata kwa kuzaliwa, alirudi nyumbani na mimba isiyo na mwenyewe, akakaa ndani, na Mama akamficha. Mtoto alikuja kabla ya wakati, akafa asubuhi hiyo hiyo. Mama alimfunga kwa kitenge chake kipya akamtuma mtu amwite Mwinjilisti aje kuomba. Alikuja. Alifika mpaka mlangoni, akasimama. Mama anasema aliinua mguu mmoja kama anayetaka kuvuka kizingiti, kisha akaurudisha. Aliomba akiwa uani, akaondoka.

Jumapili akakatisha mahubiri, akavua miwani. Akasema katika mtaa huu kuna nyumba ambayo Bwana ameiweka pembeni. Watu wasiingie, wasile huko, wasichukue moto wala maji, nayo ikae kimya mpaka Bwana atakaposema tena.

Hakutaja jina. Mama alikuwa benchi la tatu, mahali pake pa siku zote. Kila Jumamosi ndiye aliyefagia kanisa lile, na kwenye sala za Jumatano, zile zinazozunguka nyumba kwa nyumba, ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alichukua Biblia yake na kitabu cha nyimbo, akajifunga vizuri kitenge, akatoka kabla ibada haijaisha, ili watu wasipate shida ya kumkwepa mlangoni. Hayo niliambiwa na Emanueli. Mama hakuwahi kunisimulia.

Kilichonishangaza ni jinsi watu walivyojua la kufanya. Watu wasiokumbuka kurudisha jembe la kuazima walikumbuka desturi yote mpaka mwisho, na hakuna aliyefundishwa. Jirani yetu, aliyekuwa akija kila asubuhi kuchukua kaa la moto, akaanza kwenda nyumba ya tatu. Wakikutana na Mama njiani walipanda juu ya kingo, wakampisha, na wakamsalimia vizuri kabisa, wakamuuliza hali ya miguu. Siku za kulima kwa zamu hakuitwa, na shambani kwake hakuja mtu. Jumatano walipita mbele ya nyumba yetu wakiimba, wakaenda kusali kwa anayefuata. Hawakumchukia. Na ukiwauliza walisema hii siyo metimani, hiyo ni mambo ya kipagani, hili ni neno la Bwana.

Na ndilo kosa lao, na ndilo lililonifanya nisimsamehe. Desturi ilikuwa na wazee wa kuhesabu. Neno la Mwinjilisti halikuwa na wa kulihesabu. Waliitoa desturi mlangoni wakairudisha dirishani, na wakati wa kuirudisha wakasahau kuja na mwisho wake.

Likizo ya kwanza nilimfuata. Alikuwa nyuma ya nyumba yake akiziba tairi la baiskeli.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, mwanangu. Chuo kinaendaje?"

"Lini utamfungulia Mama?"

"Si mimi niliyefunga."

"Ni nani?"

"Bwana."

"Basi muulize."

"Namuuliza."

"Anasemaje?"

Alizamisha mpira wa tairi kwenye beseni la maji akautazama. "Sijasikia," alisema.

Nikamwambia alichofanya ni metimani iliyovalishwa koti. Ndiyo mara pekee niliyomwona akikasirika. "Usiniletee mambo ya mababu hapa," alisema. "Mimi nimeokoka kabla hujazaliwa." Aliubamiza mpira kwenye beseni mpaka maji yakalirukia koti lake, na nilifurahi kuliona limelowa.

Paulina hakukaa. Alikwenda Babati, akaolewa huko, anapiga simu. Mimi nilipangiwa shule Dongobesh, nikawa nakuja mwisho wa juma. Mama alibaki na ng'ombe wawili na redio. Jumapili alivaa nguo zake za kanisani, akaketi barazani na kitabu cha nyimbo, akafuatilia ibada kwa sauti iliyofika na upepo. Kengele ya kumaliza ikilia alivua nguo zile akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Alikuja mchungaji mpya, kijana, mwenye pikipiki. Alisikia habari ile akaja mpaka ndani, akanywa chai, na kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote. "Mama, njoo kanisani," alimwambia. "Unabii unatakiwa kupimwa na kanisa. Huu haukupimwa na mtu. Mimi nakwambia uko huru."

"Asante, Baba Mchungaji," Mama alisema. "Lakini aliyesikia si wewe. Aliyesikia kufungwa ndiye atakayesikia kufunguliwa."

Mchungaji alinitazama mimi. Nikamtazama yeye. Alikuwa na mitaa saba na wazee wa kanisa waliomwona mtoto, na hakurudi tena kwa jambo hilo.

Msimdharau mama yangu. Anasoma, anahoji, ameuza ng'ombe kwa watu waliotaka kumdanganya wakashindwa. Lakini Baba alipofariki, Mwinjilisti ndiye aliyeketi naye siku tatu mfululizo. Alimwambia Bwana amempokea mumewe, na kwa neno hilo Mama aliinuka kutoka kwenye mkeka. Angesema leo kwamba Mwinjilisti hasikii, basi na lile nalo lilikuwa upepo. Kwa hiyo alikubali kufungwa ili mumewe abaki mbinguni. Nilielewa hilo baada ya miaka, na baada ya kulielewa nilimchukia yule mzee zaidi.

Mwinjilisti alistaafu. Alihamia Hanang, kwa binti yake aliyeolewa huko, akaondoka Nambis bila kusema neno. Alikuja mwinjilisti mwingine ambaye hakujua mwanzo wa jambo. Watu nao walianza kuusahau, ikabaki mazoea tu, kwamba kwa yule mama hatuendi.

Mwaka wa tisa miguu ya Mama ilivimba. Hospitali walisema ni moyo, wakampa vidonge, wakaniambia mimi pembeni nisimchoshe. Mama hakuuliza habari za vidonge. Aliniambia jambo moja tu. "Mwanangu, mimi sitaki kuombewa uani. Yule mtoto aliombewa uani. Nataka niingie kanisani nikiwa natembea, kabla sijaingizwa. Nenda kwa Mwinjilisti, muulize kama kuna neno."

Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikaenda Hanang kumwomba neno mtu ninayemchukia.

Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, mlima nyuma yake umevaa wingu, amekaa juu ya gunia tupu akipukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea. Binti yake alinipa kigoda akaenda kupika chai. Nilimwamkia, akaitikia, akanitambua kwa sauti kabla ya sura.

"Umekuja kwa ajili ya mama yako," alisema.

"Ndiyo. Anauliza kama Bwana amesema."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu mkononi mwake.

"Alisema," aliniambia.

"Lini?"

"Wiki ya pili."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wiki ya pili ya mwezi gani?"

"Wiki ya pili baada ya ile Jumapili. Nilikuwa napita pale kwenu na baiskeli, nikaambiwa, ingia kwa yule mama. Ingia unywe chai. Nikasema, hapana, huyu ni mimi. Hii ni huruma yangu tu, namhurumia kwa sababu nawafahamu, nilimfundisha mtoto wao kusoma. Bwana akisema, mimi huwa naogopa. Tumbo linashika baridi. Ndivyo nilivyomjua tangu ujana wangu. Hii haikuniogopesha, mwanangu. Ilikuwa inaniliza. Nikasema haiwezi kuwa Yeye."

"Ilikuambia mara moja tu?"

"Kila siku. Kila nikipita. Mpaka nikabadilisha njia, nikawa nazungukia kwa juu."

Binti yake alileta chai. Alituangalia, akaweka vikombe chini, akarudi ndani.

"Na lini ulijua kwamba ni Yeye?"

"Mke wangu alipofariki. Miaka mitatu sasa. Nilikuwa nimekaa peke yangu, sina huruma na mtu yeyote ila mimi mwenyewe. Sauti ile ile ikaja, kwa habari ya mama yako. Siku hiyo sikuwa hata ninamkumbuka. Nikajua haikuwa yangu. Na nikajua kwamba ile nyingine, ya baridi tumboni," alitazama gunzi, "ile sijui ilikuwa ya nani."

"Miaka mitatu, na hukuja."

"Niliona aibu."

Nimefundisha watoto muda mrefu, na nimesikia visingizio vya kila namna. Hiki hakikuwa kisingizio, na ndiyo maana kilinikasirisha kuliko vyote. Nilitaka kumwambia habari za redio, na za nguo za Jumapili, na za watu kupanda juu ya kingo. Sikumwambia. Alikuwa ameshaanza kuinuka, ameshika ukuta, anatafuta fimbo.

"Twende," alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia yote, tangu wiki ya pili."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mwinjilisti alikuwa na makosa yake lakini uongo hakuwa nao. Asingeweza kusema robo ya jambo. Angeketi mbele ya Mama, avue miwani, amwambie kwamba Mungu hakuwa amemkasirikia hata majuma mawili. Kwamba miaka tisa yote ile nyumba ilikuwa wazi, na kilichomzuia kuingia kanisani ni mzee mmoja aliyeona haya. Na Mama angerudi nyuma kutoka hapo, hatua kwa hatua, mpaka afike kwa Baba.

"Kaa chini, Mwinjilisti," nilimwambia.

"Lazima niende."

"Ukimwambia wiki ya pili utamuua. Moyo wake ni mgonjwa."

"Mimi siwezi kumdanganya."

"Najua. Ndiyo maana hutakuja."

Alibaki amesimama, mkono mmoja ukutani. Kisha aliketi, akalia, bila sauti, machozi yakiingia kwenye ndevu. Sikumfariji. Nilimaliza chai yangu, nikamshukuru binti yake, nikaondoka. Sikumwambia kwaheri, na kwa umri wake na malezi niliyopewa hilo ni jambo kubwa.

Nilifika Nambis kesho yake kabla ya saa sita. Mama alikuwa barazani juani, miguu juu ya kigoda.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Mama."

"Kuna neno?"

"Lipo. Bwana amesema nyumba imefunguliwa. Amesema uende."

Hakupiga vigelegele wala hakulia. Alikunja mikono mapajani, akatazama upande wa kanisa kwa muda. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa njia nzima.

"Amesema lini?"

"Jana," nilijibu. "Jana asubuhi. Nilimkuta bado hajanywa hata chai, ndiyo kwanza ametoka kuomba."

"Jana asubuhi," Mama alisema polepole. "Na leo nimepata." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unaona mtu mwaminifu. Hakulaza neno la Mungu hata siku mbili."

"Naona, Mama."

Jumapili alitembea mwenyewe mpaka kanisani, tukipumzika kila kona. Watu walimpokea kama mtu aliyerudi kutoka safari. Waliokuwa wakipanda juu ya kingo walimkumbatia, na jirani yetu wa kaa la moto alimshika mkono mpaka kwenye benchi la tatu. Mwinjilisti mpya alimpa nafasi ya kuomba. Mama alisimama akishikilia benchi la mbele, akaomba kwa Kiiraqw, kwa mtindo ule wa wazee. Hakujiombea moyo wala miguu. Alimwombea Mwinjilisti. Alimshukuru Mungu kwa kutupa mzee anayesikia, asiyeongeza wala kupunguza, aliyemwambia miaka ile kwamba mumewe amepokelewa, na ambaye hata katika uzee wake, mbali huko Hanang, alipolipata neno hakukaa nalo.

Kila mstari kanisa liliitikia, na mimi niliyekaa ubavuni mwake niliitikia pamoja nao. Mama alipomaliza alinigeukia, akangoja. Nikasema amina, kwa sauti, asikie.

Mengine huenda siku moja nitamsamehe Mwinjilisti. Amina ile, hapana.